Mikono ya Bibi Jukwaani

Kikombe hakikuwepo.

Nilikuwa nimenyoosha mkono wa kulia huku macho yangu yakitazama dirisha la kuchora, kama nilivyofundishwa, na pale kikombe kilipotakiwa kuwa palikuwa na meza tupu, yenye ubaridi na unato wa rangi mbichi. Mbele yangu wazazi walijazana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamewafika kidevuni. Muda mfupi tu uliopita walikuwa wanacheka. Mstari wa mbele alikaa bibi yangu, mtandio wake mweupe umenyooka kwa pasi, na kando yake baba mkubwa, fundi rangi, ambaye katika watu wote wa dunia hii ndiye hakutakiwa kuona nilichokuwa karibu kukifanya.

Lakini nimerukia mbali. Ngoja nirudi nyuma taratibu. Magoti yangu siku hizi hayapendi kurukaruka ovyo, hata kwenye hadithi.

Mimi shule niliishia darasa la saba, na mengi niliyofundishwa yameniponyoka bila kuaga. Mito mirefu ya dunia sijui tena inaanzia wapi wala inammwagia nani maji. Vipeo na vipeuo tulishaachana kwa amani. Kilichobaki ni mchezo mmoja wa kuigiza, na huo ukiniamsha usingizini nitaucheza wote, kwa sauti za watu wote, pamoja na mbwa anayebweka nje.

Shuleni waliniita Kasuku, na jina hilo nililipata kwa halali. Nilimwiga mtu yeyote aliyepita mbele yangu. Mpishi wa shule anavyoonja uji kisha anajipangusa mdomo kama hakuonja. Mwalimu mkuu anavyosimama mstarini asubuhi, mkono mmoja umeshikilia suruali isije ikamwaga aibu mbele ya watoto. Siku moja nilikuwa namfanya huyo mwalimu mkuu nyuma ya darasa, tumbo mbele, mkono kiunoni, na wenzangu wanajipiga mapaja kwa kicheko. Halafu wote wakanyamaza kwa mpigo. Mliosoma shule mnajua maana yake.

Nikageuka polepole. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Endelea," alisema.

"Nimemaliza, mwalimu."

"Suruali umeishika kwa mkono wa kulia. Yeye huishika kwa upi?"

Nikafikiri. "Wa kushoto."

"Kwa nini?"

"Wa kulia una fimbo, mwalimu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyelipata baki lililokuwa limempotea. "Kesho saa ya kutoka uje darasa la mwisho kule. Usipokuja, namwambia mwenye suruali."

Ndivyo nilivyoingia kwenye maigizo: kwa vitisho.

Mwalimu yule alikuwa amebandikwa kazi ile kwa sababu walimu wengine wote waliikimbia. Walisema maigizo yanakula muda wa mitihani. Mwalimu mkuu naye aliyaruhusu kwa shingo upande: mchezo uonyeshwe kwa wazazi mwisho wa muhula, na ukiwa upuuzi, watoto warudi kwenye vitabu na habari hiyo isisikike tena. Basi mwalimu wetu akafundisha maigizo kwa jinsi pekee aliyoijua, kama hesabu.

Darasani mwake hukupata alama kwa jibu peke yake, hata likiwa sahihi. Alikurudishia daftari na kusema, "Jibu nimeliona. Njia iko wapi?" Jukwaani ikawa hivyo hivyo. Ukishika shavu anakusimamisha. "Jibu nimeliona. Njia iko wapi? Umeshika shavu kwa nini? Jino? Huzuni? Mbu?" Ukisema mbu, anakwambia basi mpige. Tulimwita Mwalimu Njia, na nadhani alijua, maana mara moja niliona ameandika hivyo kwa chaki kwenye kiti chake mwenyewe.

Mchezo aliutunga yeye. Bibi mmoja anaishi peke yake. Mgeni anabisha hodi, anajidai ni mjukuu wake aliyepotea zamani. Bibi anajua fika kuwa ni mwongo, lakini anamkaribisha chai, kwa sababu amechoka kunywa chai na ukuta. Mgeni alikuwa msichana mrefu wa darasa letu tuliyemwita Kigogo, maana akisimama jukwaani ungedhani amepandwa na kumwagiliwa. Bibi nikapewa mimi.

Bibi wa kuiga nilikuwa naye nyumbani, tena wa bure.

Wazazi wangu siwakumbuki. Nilimkuta bibi, na bibi alikuwa mwingi wa kutosha. Alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na sauti ya ile cherehani ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba yetu. Ikikimbia, mambo mazuri. Ikinyamaza, mtu ajiandae. Na bibi hakuwa anakaa kama watu wengine wanavyokaa. Bibi alikuwa anawasili. Kwanza anakisalimia kiti kwa mkono. Kisha anajigeuza, kama gari kubwa linalotafuta pa kuegesha. Kisha analalamika kidogo. Kisha anashuka, na akishafika chini anasema "Haya," kana kwamba kiti kilikuwa kinamsubiri kwa hamu.

Nilimkusanya bibi yangu kama mtu anayeokota kuni, kijiti kimoja kimoja.

"Mke mwenzangu," aliniambia siku moja, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, "mbona unanikodolea macho? Nimeota mkia?"

"Nakuangalia tu, bibi."

"Haya angalia. Uzuri huu hauna kiingilio."

Siku ya mazoezi nikamwaga kuni zangu zote jukwaani. Niliposhuka kitini, darasa zima lilicheka mpaka Kigogo akatikisika, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha nikafika kwenye kikombe. Bibi alikuwa hakishiki kikombe hivi hivi. Aliweka mkono mezani, mgongo wa mkono ukiwa chini, akausukuma polepole kidole kidogo kikiwa mbele, mpaka kikigonge kikombe. Hapo ndipo aligeuza kiganja na kukikamata. Nilifanya vile vile, na wenzangu wakacheka zaidi.

Mwalimu Njia hakucheka.

"Jibu nimeliona. Njia iko wapi? Kwa nini hakikamati tu?"

"Ndivyo anavyofanya, mwalimu."

"Hiyo siyo njia. Huko ni kunakili. Nenda nyumbani ukaitafute."

Jioni bibi alipotoka kwenda kwa jirani, nilikaa kwenye kiti chake. Nikakiweka kikombe mezani, nikakitazama, nikanyoosha mkono. Mkono ukaenda moja kwa moja. Hakukuwa na haja ya kutambaa. Nikatazama dirishani, nikanyoosha tena. Bado mkono ulikumbuka njia yake. Basi nikafumba macho, nikajizungusha kwenye kiti mpaka nikapoteza pa kuanzia. Na mkono wangu wenyewe, bila kuambiwa, ukalala chali mezani ukaanza kutambaa, kidole kidogo mbele, usije ukaangusha kitu.

Nikafumbua macho.

Ndipo vitu vingine vyote vikaja na kujipanga. Kila asubuhi kabla ya shule nilitunga nyuzi kwenye sindano zote za bibi na kuzichomeka kwenye kimto, kwa sababu, alivyosema yeye, nyuzi za siku hizi zina vitambi. Bibi hakuwahi kumsalimia mtu kwanza. Alisubiri asikie sauti, na watu walimsifu kwa utulivu. Na ukuta. Baba mkubwa alikuja kila mwaka kuupaka rangi nyeupe ukuta wa mama yake, na kila mwaka alikuta mstari mweusi umetokea tena, kutoka mlango wa chumbani mpaka kwenye cherehani. Alinifokea mimi. "Kasuku! Hiyo mikono yako na ukuta wangu mna ugomvi gani?" Nilikataa mpaka nikachoka kukataa. Jioni ile nikaenda kusimama kando ya ule mstari. Ulikuwa juu ya bega langu. Ili niuguse ilinibidi niinue mkono kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Baba mkubwa alikuwa mtoto mwema, ila wema wake ulikuwa na sauti kubwa. Wakati mmoja alimkuta bibi ameungua kidole kwa pasi, akatangaza mbele yetu wote: "Mama, siku macho yako yakikataa, uniambie. Cherehani tunaiuza, wewe unahamia kwangu upumzike, na huyu mtoto atachukuliwa na shangazi yake." Shangazi aliishi mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Nyumba ya baba mkubwa nayo ilikuwa imejaa watoto hadi chini ya meza, kwa hiyo hakusema kwa ubaya. Bibi alimjibu, "Macho yangu yanaona mpaka unachowaza," na mwanawe akacheka, akatulia.

Bibi aliporudi kutoka kwa jirani akakaa kwenye cherehani. Nikachukua kitambaa cha mtu kilichokuwa kinangoja kushonwa.

"Bibi, hiki kina rangi gani?"

Akakipapasa kwa vidole viwili. "Rangi ya kumtega mzee," alisema.

Cherehani ikanyamaza.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi na mimi sijakwambia kitu." Akapapasa hewani mpaka akaipata shingo yangu, akaivuta karibu yake. "Wakijua, mke mwenzangu, watatugawa. Wewe huku, mimi kule. Na mimi bila miguu hii kukanyaga kitu, nitakuwa mzigo uliowekwa pembeni. Funga mdomo."

Nikafunga mdomo. Na mikono pia. Katika mazoezi yaliyofuata nilikikamata kikombe kama mtu yeyote.

Mwalimu Njia alinitazama. "Hukuipata?"

"Niliipata, mwalimu."

"Mbona umeifuta?"

"Siwezi kuionyesha."

Ile ndiyo mara pekee niliyomwona akiacha hesabu katikati. Hakuuliza kwa nini. Alichukua chaki, akachora msalaba mdogo upande wa kulia wa meza, akamwambia Kigogo: "Kikombe utakiweka hapa, kila siku, usikose. Mwenzako atatazama dirishani, na mkono wake uende moja kwa moja bila kutafuta." Kigogo, ambaye alikuwa wa mkono wa kushoto na mwoga wa kila kitu, aliutegemea ule msalaba kama watu wanavyotegemea nguzo kwenye upepo.

Sasa, dirisha letu la jukwaani alilichora baba mkubwa, kwenye shuka kuukuu. Mwalimu alimwomba, naye akanogewa. Asubuhi ya siku ya maonyesho akaja na mabaki ya rangi ya kijani kuangalia kama shuka limening'inia sawasawa. Akaiona meza. Fundi rangi akiona mbao chafu yenye alama za chaki ni kama mama akiona mtoto wa jirani ana makamasi: mkono unakwenda wenyewe. Akaifuta, akaipaka kijani, akaondoka akipiga mluzi kwenda kumchukua mama yake.

Mnaona sasa tulipofika. Kigogo aliingia na kikombe, akainamia meza, akatafuta msalaba. Hakuna msalaba. Akakiweka upande wa kushoto wa meza, mbali kabisa na mkono wangu, akabaki amesimama kama alivyopandwa.

Ningeweza kugeuza shingo. Kugeuza shingo ni jambo la mara moja, hata kuku anaweza. Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikuigeuza, na kila nikijiuliza napata jibu lile lile: aliyekuwa kwenye kile kiti hakuwa Kasuku. Alikuwa bibi mmoja anayekitafuta kikombe chake, na yule hakuwa na sababu ya kugeuza shingo. Mkono ukalala chali. Ukaanza kutambaa juu ya rangi mbichi, kidole kidogo mbele, ukiacha nyuma yake mfereji mwembamba. Ukavuka meza nzima.

Kicheko kikafa. Sikuwahi kusikia ukumbi ukinyamaza namna ile, maana ule haukuwa ukimya wa kuogopa fimbo. Watu walikuwa wameelewa, wote pamoja, kwamba bibi haoni, na kwamba anaficha. Mgeni anajidai mjukuu, mwenyeji anajidai ana macho, na chai inapoa katikati yao.

Katika ukimya ule nikamsikia bibi yangu. Yeye alidhani ananong'ona.

"Mbona wamenyamaza? Anafanya nini?"

Alikuwa mstari wa mbele. Angeweza kunigusa kwa mwavuli.

Baba mkubwa alikuwa anautazama mkono wangu. Kisha akautazama mkono wa mama yake, uliokuwa umeshika ukingo wa dawati, kidole kidogo mbele. Niliona uso wake ukishuka polepole, kama rangi iliyopakwa nzito mno ukutani. Akamwinamia sikioni.

"Anatafuta kikombe, mama."

"Amekipata?"

Nikakigonga. Nikageuza kiganja, nikakikamata.

"Amekipata," alisema.

Mimi nikasema maneno yangu yaliyobaki, "Chai yako tamu, mjukuu wangu," na Kigogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapiga magoti mahali ambapo hakuambiwa apige. Njia yake hakuwahi kuieleza. Mwalimu hakumwuliza.

Watu walipopiga makofi mimi nilikuwa nawatazama wale wawili tu. Mlangoni kulikuwa na ngazi. Baba mkubwa, ambaye siku zote alitangulia mbele akipunga funguo, alisimama, akampa mama yake kiwiko. "Ngazi, mama. Na nyingine." Bibi akashuka huku kidevu kiko juu kama bibi harusi.

Nyumbani nilijikunyata mlangoni nikisubiri kupakiwa kwenye basi la shangazi. Baba mkubwa alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta. Akauweka mkono wake juu ya ule mstari mweusi na kuutembeza, kutoka mlango wa chumbani hadi kwenye cherehani. Akarudi. Akautembeza tena.

"Unapima nini?" bibi alimwuliza.

"Ubao."

"Wa nini?"

"Wa kushikia, mama. Ukuta huu umenichosha kuupaka."

"Unaishia wapi huo ubao?"

"Unaishia kwenye cherehani." Akageuka, akanitazama mimi. Miaka yote alikuwa ananifokea kwa ajili ya ukuta ule. Sasa akasema, "Kasuku, kesho ukitoka shule uje unishikie msumari." Kwa mtu kama yeye, hayo yalikuwa mengi.

Alipoondoka, bibi aliniita. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza kunisugua rangi kwenye vidole, akivipata kimoja kimoja. Nikangoja anigombeze. Nilikuwa nimeahidi.

"Huo mkono," alisema, "ulikuwa unakwendaje?"

Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya wangu, nikautambaza mezani.

"Kumbe hivi!" Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Natambaa kama jongoo, na mimi nilikuwa nadhani hakuna anayeniona." Kisha akaacha kucheka, lakini mkono hakuuondoa. "Ulinifanya mzuri?"

"Sana, bibi."

"Haya."

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limechelewa, la pili wakaliokoa. Mwalimu mkuu hakusema tena habari ya kurudi kwenye vitabu, na mwaka uliofuata tukacheza mchezo mwingine. Mwalimu Njia akanifanya bibi tena. Nilikuwa nimeanza kuwasili kitini, kwa raha zangu zote, niliposikia sauti kutoka mstari wa mbele.

"Mgongo! Mgongo nyoosha! Nani kakwambia nimepinda hivyo?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akaishikilia suruali. Kwa mkono wa kushoto.

Ule ubao bado upo. Nyumba ni yangu sasa, na cherehani nayo imebaki pale pale ubao unapoishia. Wiki hii nina mjukuu, amekuja likizo, na shuleni kwao wamempa nafasi ya bibi kwenye mchezo. Hakuniambia. Nilijua tu, maana tangu juzi kila nikitaka kukaa namkuta amejibanza mlangoni, macho kodo, anaokota kuni. Nami sikumnyima. Nimekuwa nakohoa zaidi ya ninavyohitaji.

Leo akashindwa kuvumilia. "Bibi, kwa nini unakigusa kiti kwa mkono kabla ya kukaa?"

Swali zuri. Macho yangu ni mazima. Daktari ameyachungulia na kuyasifu. Kiti nakiona vizuri, na doa lake la chai naliona pia. Mkono unakwenda wenyewe, unakisalimia, kila siku, tangu nilipokuwa na miaka ya huyu mtoto.

"Umeona mwenyewe ninavyofanya," nilimwambia. "Kwa nini, hiyo kaitafute."

Akakunja uso, akijaribu kwa mkono wake mdogo hewani. Alikuwa ameanza vibaya, kwa kiganja badala ya mgongo wa mkono. Nikainuka, nikakaa tena, polepole, maana mwanzo wa kuwasili alikuwa hajauona.